Kumtunza mgonjwa kama mtu: mambo ambayo Ebola ilifundisha Beni na Butembo

Mama anafika kwenye kituo cha afya na mtoto mgongoni. Muuguzi anaandika kwenye fishi bila kuinua macho: "Homa? Tangu lini? Peleka mtoto kwenye labo." Mama alitaka kusema kwamba jana mtoto alishapewa dawa ya malaria nyumbani, lakini hakuulizwa, naye aliogopa kujisemea. Dawa ileile inaandikwa tena kwenye ordonansi. Hakuna mtu aliyetaka mabaya hapo. Kwenye benchi kulikuwa wagonjwa wengine wengi na muuguzi alikuwa peke yake. Hata hivyo mtoto yule anaweza kunywa dawa mara mbili, juu hakuna aliyemsikiliza mama yake.

Mambo ya namna hii wakaaji wa Kivu na Ituri wanayajua. Wataalamu wa afya wanapendekeza njia nyingine ya kufanya kazi: matunzo yanayomweka mtu katikati. Makala hii inaeleza maana yake, na kwa nini katika mikoa ya mashariki jambo hilo liligeuka kuwa la kufa ao kupona.

Maana yake

Muuguzi anatibu ugonjwa, lakini anaanza na mtu mwenye ugonjwa. Anajua jina lake. Anauliza anaogopa nini, anaishi na nani, ameshajaribu dawa gani, kama ana njia ya kurudi kwa miadi. Anamweleza anachofanya kabla ya kumgusa. Kisha mgonjwa ana neno lake katika kuamua, juu mwili ni wake.

Watu wengine wanafikiri hiyo ni adabu tu. Adabu ni sehemu yake, lakini kuna zaidi. Mgonjwa ana habari ambazo labo haiwezi kutoa: ugonjwa ulianza namna gani, dawa gani ilimletea kizunguzungu, kwa nini mwezi uliopita aliacha kunywa. Muuguzi asipouliza, anafanya kazi na nusu ya habari.

Wazo hili limeandikwa tangu zamani. Mwaka 1969, Enid Balint wa London alieleza utabibu unaoanza na mgonjwa mwenyewe. Katika miaka ya 1990 Mwingereza mwingine, Tom Kitwood, alionyesha kwamba wazee waliopoteza kumbukumbu wanaharibika haraka wakitendewa kama vitu. Mwaka 2016 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, OMS, zilikubali mpango wa huduma za afya zinazowaweka watu katikati. Miaka miwili baadaye, somo lilifika mashariki ya Congo kwa njia ngumu.

Beni na Butembo: dawa iko, lakini watu wanakimbia

Tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini. Ilionekana kwanza upande wa Mangina, karibu na Beni, halafu ikasambaa hadi Butembo, Katwa na Ituri. Ilipotangazwa kuwa imekwisha, tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa, na 2,287 kati yao walikuwa wamekufa.

Kwa familia nyingi, mwanzo ulikuwa wa kutisha. Mgonjwa anachukuliwa na gari, anaingia nyuma ya uzio, na ndugu hawamuoni tena. Wanaomhudumia wamefunikwa toka kichwa hadi miguu, macho yao nyuma ya miwani. Haijulikani ni mwanaume ao mwanamke, wala kama ni mtoto wa mji ao mgeni. Mgonjwa akikufa, anazikwa na watu wasiojulikana.

Hofu hiyo iliangukia watu waliokuwa na vidonda vingine. Eneo la Beni lilikuwa limeona mauaji ya raia tangu 2014. Wakaaji waliuliza: watu wanakatwa kwa mapanga, watoto wanakufa kwa malaria, na hakuna anayekuja, leo kwa Ebola magari na pesa zimetoka wapi? Wengi wakaanza kusema ni biashara. Uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo mwezi wa 9, 2018, kwa watu wazima 961, ulionyesha kwamba karibu mmoja kwa wanne hakuamini kwamba Ebola iko. Waliotumainia viongozi wa mahali walikuwa chini ya theluthi moja.

Asiyeamini hapeleki mgonjwa wake. Watu walificha ndugu zao nyumbani, ao waliwapeleka kwenye vituo vidogo ambavyo havikuwa tayari kwa ugonjwa huo. Mwezi wa 2, 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa.

Wakati ule ule dawa zilikuwa zinatafutwa palepale. Utafiti ulioongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na wenzake ulilinganisha dawa nne katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mwezi wa 8, 2019, matokeo yalitangazwa: dawa mbili zilishinda zingine. Kati ya waliopewa dawa hizo wakiwa bado na virusi kidogo mwilini, karibu 9 kwa 10 walipona. Lakini ili virusi viwe bado kidogo, mgonjwa anapashwa kufika mapema, na anayeogopa kituo anafika kwa kuchelewa. Dawa nzuri ilikuwa inangoja mtu ambaye hakutaka kuja.

Kilichobadilishwa

Jambo la kwanza ni kuonekana. Shirika la ALIMA lilileta Beni chumba kinachoitwa CUBE, chenye kuta ambazo macho yanapita. Mgonjwa yuko ndani, familia iko inje, wanaonana na kuongea. Kwenye kuta hizo kuna mikono na glovu zilizoshonewa, na muuguzi anaweza kutoa matunzo akiwa inje. Kwa muuguzi pia ilikuwa nafuu: ndani ya yale mavazi joto ni kali sana, na hawezi kukaa humo muda mrefu. Sasa aliweza kukaa karibu na mgonjwa, uso wazi, wakiangaliana.

Jambo la pili ni jina. Wafanyakazi waliandika majina yao kwenye mavazi. Ni wino tu, lakini mgonjwa aliweza kumwita anayemtunza.

La tatu ni washindi. Waliopona Ebola, zaidi ya watu 1,100, walikuwa na kinga mwilini. Baadhi yao walirudi vituoni kama watunzaji. Waliwabeba watoto ambao mama zao walikuwa wagonjwa ao wamekufa, wakawalisha, wakawaimbia. Mshindi aliweza kumwambia mgonjwa, kwa Kinande ao kwa Kiswahili cha mtaa: "Miye pia nililala hapa. Unaniona, niko muzima." Maneno hayo daktari hawezi kuyasema.

La ine ni maziko. Familia zilipewa nafasi ya kumuaga mtu wao, kuomba, na kufuata maziko bila kugusa maiti.

Mabadiliko haya hayakumaliza hofu yote, wala hayakusimamisha vita. Lakini yanaonyesha kwamba kumheshimu mgonjwa na familia yake ni sehemu ya matibabu.

Panzi: mtu mmoja, mahitaji mengi

Mfano mwingine uko Bukavu. Lopitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana kwa kutunza wanawake walioumizwa kwa ubakaji. Mukwege alipewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018. Huko waliona kwamba kushona kidonda hakutoshi, kama mwanamke anarudi kijijini na huzuni, bila kazi, na aliyemuumiza anatembea huru. Kwa hiyo matunzo yana nguzo nne: matibabu ya mwili, msaada wa moyo na akili, msaada wa sheria, na msaada wa kuanza tena maisha na kazi. Kuna pia wasaidizi wanawake wanaoitwa "mamans chéries", mama wapendwa, ambao kazi yao ni kumsindikiza mgonjwa na kumsikiliza.

Upande wa muuguzi

Congo imegawanywa katika zoni za afya zaidi ya 500, na kila zoni ina maeneo madogo yenye kituo cha afya. Mara nyingi kituo hicho kinaongozwa na muuguzi, yule ambaye watu wanamwita titulere. Kwa mkaaji wa kijiji, muuguzi njo serikali ya afya anayoiona.

Muuguzi huyo pia ni mtu. Wengi wanafanya kazi miaka bila mshahara wa serikali, ao wanapokea primu tu. Kituo kinaishi kwa pesa za wagonjwa, na hapo njo inatoka aibu inayojulikana kila mahali: mama amezaa salama, lakini anazuiliwa pamoja na mtoto juu fature haijalipwa. Muuguzi anajikuta mlinzi wa mlango. Yeye mwenyewe anaweza kuwa hapendi, lakini bila ile pesa hakuna glovu wala dawa ya kesho.

Wakati wa Ebola, kwa wagonjwa 20, mmoja hivi alikuwa mfanyakazi wa afya. Wengine walikimbiwa na majirani wao. Anayetaka muuguzi asikilize mgonjwa, anapashwa pia kuuliza nani anasikiliza muuguzi.

Mambo yasiyoomba franga

Hata hivyo kuna mambo ambayo hayangoji bajeti.

Kwanza ni lugha. Fishi imeandikwa kwa Kifaransa. Mgonjwa anasema Kinande, Mashi, Kilega ao Kinyarwanda. Miadi iliyoandikwa "8h" mama anaweza kuisoma saa nane, akafika mchana wakati chanjo imekwisha. Ni vizuri kusema kwa mdomo: "Saa mbili ya asubuhi."

Pili ni kumuomba mgonjwa arudilie alichosikia. Ukimuuliza "Umeelewa?", karibu kila mtu anajibu ndiyo. Ukimwambia "Mama, kwako utamueleza baba namna gani juu ya hii dawa?", kosa linaonekana palepale.

Tatu, kwenye maternite, ni kumruhusu mama awe na mtu wake anapozaa. OMS inapendekeza hivyo tangu miaka.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza. Maulizo haya yanafaa kutayarishwa tangu nyumbani:

- "Niko na ugonjwa gani?"
- "Hii dawa ni ya nini? Nitakunywa ngapi asubuhi, ngapi mangaribi, siku ngapi?"
- "Nikiona alama gani nirudi mbio?"
- "Itaomba franga ngapi, na ninaweza kulipa kidogo kidogo?"

Kama mtu ametendewa vibaya, anaweza kupitia kwa RECO wa mtaa wake ao kwa CODESA, komite ya wakaaji inayofuata kazi za kituo. Ni vizuri kusema siku gani na jambo gani lilitokea. Ni vizuri pia kusema pale muuguzi alipofanya vizuri, juu hiyo haisemwi mara nyingi.

Tukirudi kwa mama wa mwanzo: alihitaji ulizo moja tu. "Mama, mtoto amekunywa nini tangu jana?" Ulizo hilo halizidi nusu dakika, na lingemzuilia mtoto dawa ya mara ya pili.