Fedha ya Mtambwe Mkuu na Ugomvi juu ya Ali bin al-Hasan

Zaidi ya miaka 40 imepita tangu kuibuliwa, mwaka 1984, kwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za madini ya fedha huko Mtambwe Mkuu, kisiwa kidogo cha magharibi mwa Pemba, karibu na Wete, ambacho maji yakitoka huunganika na nchi kavu. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo lililokuwa makumbusho, ilipoporomoka mjini Unguja tarehe 25 Desemba 2020, utunzaji wa vitu vya kale vya Zanzibar umekuwa jambo la kuulizwa upya, na hazina hiyo haina budi kuwa miongoni mwa vya kwanza kutajwa.

Kuzitambua sarafu za namna hiyo ni kazi ya subira. Fedha iliyochanganywa na shaba, ikilala karne nyingi katika udongo wenye chumvi, hushikwa na ukoga wa kijani unaotokana na ile shaba, na fedha yenyewe hugeuka polepole kuwa kloridi, yaani huungana na klorini iliyomo katika chumvi, hata bamba la sarafu likawa jepesi kuvunjika. Mtaalamu huzitenganisha zilizogandana, huondoa ukoga kwa sindano chini ya hadubini au kwa tindikali hafifu, hupima uzito na kipenyo, kisha hulinganisha kila herufi ya Kiarabu iliyosalia na sarafu zilizokwisha kutambuliwa. Katika sarafu za Mtambwe msaada ulitoka kwa waliozigonga: upande mmoja una jina la mtawala, wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande zote mbili zina kina kimoja, hivyo palipofutika jina, kina huonyesha njia. Watu wa pwani, ambao ushairi wao umesimama juu ya vina hadi leo, wana kila sababu ya kujivunia jambo hilo.

Jina lililozua mzozo ni Ali bin al-Hasan, anayetajwa na tarehe ya Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya wafalme wake, kuwa mwanzilishi wa ukoo wa Kishirazi. John Walker wa British Museum alikwisha kuzihusisha sarafu za shaba zenye jina hilo na Kilwa mwaka 1936. Neville Chittick, aliyefukua Kilwa kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alishikilia kwamba Ali alitawala karibu mwaka 1200, na hoja yake ilikuwa nzito kwa sababu ilitegemea matabaka ya udongo ambamo sarafu hizo zilionekana. Hazina ya Mtambwe iliipindua, kwani pamoja na sarafu za Ali na watawala wengine zilikuwamo dinari chache za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri, na ya mwisho kati yake ni ya mwaka 1066. Hazina hukadiriwa umri kwa sarafu yake changa kuliko zote, kwa hiyo mtu ambaye jina lake limo ndani yake alitawala katika karne ya 11. Mtu aweza kudai kwamba Ali wa fedha si Ali wa shaba, lakini kulingana kwa jina na vina kunalifanya dai hilo kuwa gumu. Chittick alifariki mwaka uleule wa 1984, akawa hakupata nafasi ya kuijibu ripoti ya Mark Horton, Helen Brown na Andrew Oddy iliyotoka mwaka 1986 katika jarida la Azania.

Sarafu ndogo zaidi za fedha zilipatikana Shanga, katika kisiwa cha Pate, na zilisogeza nyuma zaidi mwanzo wa kugonga sarafu pwani. Kuhusu utunzaji, Makumbusho ya Pemba, yaliyo ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake, ndiyo yanayostahili kuwa na picha kubwa za sarafu za Mtambwe, pande zote mbili, badala ya sarafu zenyewe, pamoja na ripoti ya 1986 kwa Kiswahili, kwa kuwa fedha iliyoanza kuliwa huendelea kuliwa inapowekwa penye unyevu na hewa ya bahari.