Siku ya Sitini

Siku ya Februari 29, mwaka 1900, haikupata kuwako. Papa Gregory wa Kumi na Tatu aliifuta mapema katika mwaka 1582, alipoamuru kwamba mwaka unaofunga karne usihesabiwe kuwa mwaka mrefu ila ukigawanyika kwa 400 pasipo baki. Walakini siku hiyo ingali hai katika kompyuta, nayo ina nambari yake: 60.

Ilizaliwa katika Lotus 1-2-3, programu ya lahajedwali iliyotoka Marekani mwaka 1983. Programu hiyo ilizihesabu siku mfululizo, Januari 1, 1900 ikiwa ya kwanza, ikachukua kila mwaka wa nne kuwa mrefu. Kanuni hiyo nyepesi yatosha kwa miaka yote tangu 1901 hadi 2099, maana 2000 wagawanyika kwa 400. Ulipotoka mwaka mmoja tu, nao ndio ule wa kuanzia! Kama watungaji walighafilika, au waliona heri kubana kumbukumbu ya mashine iliyokuwa haba siku zile, ni jambo linalobishaniwa.

Excel ya kwanza ya Microsoft, iliyotengenezwa kwa Macintosh mwaka 1985, ilianza hesabu yake mwaka 1904, ikaukwepa mwaka wenye ila. Lakini Excel ya Windows, mwaka 1987, ilitaka wateja wa Lotus wahamie na majedwali yao yote. Basi ikalirithi kosa kwa makusudi. Hapo neno likageuka. Lililokuwa hitilafu kwa Lotus likawa kwa Excel sifa inayotakiwa, kwa kuwa programu isiyokuwa nayo ingezisoma tarehe zote zilizofuata kwa tofauti ya siku moja.

Je, mwenye kuiondoa siku ya sitini atengeneza au aharibu? Microsoft ilieleza kwamba karibu tarehe zote katika majedwali yaliyokwisha andikwa zingesogea: siku ya kulipa deni, siku ya mshahara, siku ya mkataba kwisha. Faida yake ingekuwa kusahihisha siku za juma za miezi miwili tu, kwani Excel huiita Januari 1, 1900 Jumapili, na kwa kweli ilikuwa Jumatatu. Aitazamaye kalenda ataliita badiliko hilo sahihisho. Mwenye jedwali ataliita hasara, na hoja yake ndiyo nzito zaidi, ijapokuwa yaaibisha. Mwaka 2006 shirika la Ecma lilipotoa kanuni za mafaili ya aina hiyo, siku isiyokuwako iliingizwa humo kuwa sharti.

Watungaji wa LibreOffice wana njia yao. Hesabu yao huanza Desemba 30, 1899, siku mbili nyuma ya Januari 1. Kwa hiyo Machi 1, 1900 ni 61 kwao kama ilivyo kwa Excel, na nambari 60 hukaliwa na Februari 28.