Kutoka Jokofu la Mvinyo hadi Hifadhi ya Biri: Historia ya Kuitafuta Hewa ya Havana

Mvinyo na biri, ingawa mara nyingi hukutana mezani, ni vitu viwili vyenye mahitaji tofauti kabisa wakati wa kuhifadhiwa. Mvinyo ni kimiminika kilichofungiwa ndani ya chupa na kuzibwa kwa kizibo, hivyo adui wake mkubwa ni joto. Biri, yaani msokoto mnene wa majani ya tumbaku yaliyokaushwa na kuchachushwa, usiozungushiwa karatasi, haina ukuta wowote unaoitenga na hewa, nayo hunyonya maji au kuyatoa kila hewa inayoizunguka inapobadilika. Kwa sababu hiyo, desturi iliyoenea miongoni mwa watunza biri, hasa nchini Marekani, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 21, ya kununua jokofu dogo la mvinyo na kuligeuza kuwa humidori, yaani kabati la kutunzia biri katika unyevu maalumu, inastahili kuelezwa kihistoria. Mashine iliyobuniwa kupambana na joto ilichukuliwa na watu waliokuwa wakipambana na ukavu, na sehemu kubwa ya kazi waliyoifanya ndani yake ilikuwa ya kutangua kile ambacho mtengenezaji alikikusudia.

Tatizo la ukavu lilianza pale biri ilipoondoka nyumbani kwake. Mnamo Novemba 1492, wajumbe wawili wa Christopher Columbus, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, waliotumwa kuingia ndani ya kisiwa cha Kuba, waliwaona Wataino, wenyeji wa kisiwa hicho, wakivuta majani yaliyosokotwa. Kuba ni nchi ya joto na unyevu karibu mwaka mzima, na jani la tumbaku humo halihitaji ulinzi mkubwa ili libaki laini. Hispania ni habari nyingine: mji wa Sevilla, ambako kiwanda kikubwa cha kifalme cha tumbaku kilianza kujengwa mwaka 1728, una majira ya kiangazi makavu na makali, na kadiri biashara ilivyosonga kaskazini, hadi kwenye nyumba zenye mioto ya kupasha joto wakati wa baridi, ndivyo biri zilivyozidi kufika zikiwa zimepasuka ganda lake la nje na kupoteza mafuta yanayozipa harufu.

Jibu la kwanza lilikuwa mti. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Havana walizoea kusafirisha biri katika masanduku ya mbao za Cedrela odorata, mti ambao sokoni huitwa mwerezi wa Hispania, ingawa si mwerezi wala asili yake si Hispania, bali ni Amerika ya joto na visiwa vya Karibi, nao umo katika familia moja na mwarobaini na mkangazi. Mbao zake ni nyepesi, zina harufu isiyogombana na tumbaku, na hunyonya mvuke hewa inapojaa unyevu kisha kuurudisha hewa inapokauka. Mti huohuo ulipandwa pia Afrika Mashariki, na katika Msitu wa Hifadhi wa Kimboza, mkoani Morogoro, umekuwa mvamizi unaoisonga miti ya asili. Wakati huohuo, katika nchi zake za asili ulikatwa kupita kiasi, hata biashara ya kimataifa ya mbao zake kutoka huko ikawekwa chini ya udhibiti mkali zaidi wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kuanzia mwaka 2020. Ni jambo la kusikitisha kwamba mti mmoja unaweza kuwa adimu upande mmoja wa dunia na kero upande mwingine, na yeyote anayetengeneza droo za humidori angefanya vyema kujua mbao zake zilitoka wapi.

Mbao peke yake, hata hivyo, hazikuweza kumwambia mtunzaji hali ya hewa ndani ya sanduku. Kipimo kilikuwa kimekwishapatikana: Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alieleza mwaka 1783 chombo cha kupimia unyevu, yaani haigromita, kilichotumia unywele wa binadamu, ambao hurefuka unapolowa na kufupika unapokauka. Kinachopimwa si wingi wa maji yaliyomo hewani, bali ni uwiano kati ya mvuke uliopo na mvuke mwingi kabisa ambao hewa ingeweza kuubeba katika jotoridi lileile. Watunza biri wengi hulenga uwiano wa kati ya asilimia 65 na 70, katika jotoridi la nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Haigromita za bei nafuu hukosea mara nyingi, kwa hiyo nazo hupimwa kwa njia ya kale isiyo na gharama: chumvi ya kawaida iliyoloweshwa kidogo na kufungiwa pamoja na chombo huifanya hewa ifikie takriban asilimia 75 na kubaki hapo.

Kwa muda mrefu hifadhi ya kuaminika ilibaki kuwa jambo la wenye fedha. Zino Davidoff, aliyezaliwa Kyiv mwaka 1906 na ambaye familia yake ilifungua duka la tumbaku Geneva, aliishi Kuba katika miaka ya 1920, na baada ya kurejea anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha katika duka hilo chumba cha chini ambamo joto na unyevu vilidhibitiwa ili kuiga hali ya Havana. Huko Marekani, kisa kinachojulikana zaidi ni cha Rais John F. Kennedy. Mchekeshaji Milton Berle alimpa zawadi ya humidori mwaka 1961. Mapema mwaka 1962, kwa mujibu wa maelezo aliyoyatoa baadaye katibu wake wa habari, Pierre Salinger, rais alimwagiza amtafutie biri 1,000 za Kuba kwa usiku mmoja, naye alipoletewa 1,200 akatia saini amri ya kupiga marufuku bidhaa za kisiwa hicho. Amri hiyo iligeuza kila biri ya Kuba iliyokwisha kuwa Marekani kuwa kitu kisichoweza kuongezwa kwa njia halali, na hivyo kuupa utunzaji wa miaka mingi thamani mpya. Humidori ya Kennedy iliuzwa mwaka 1996 katika mnada wa Sotheby's jijini New York kwa dola 574,500, na mnunuzi alikuwa Marvin Shanken, mwanzilishi wa jarida la Cigar Aficionado, lililoanza kuchapishwa mwaka 1992 na ambalo lilichochea wimbi kubwa la uvutaji wa biri nchini humo. Wimbi hilo liliwaleta watu wa kipato cha kati waliokuwa na biri mia mbili au mia tatu nyumbani, lakini wasio na uwezo wa kuagiza kabati la fundi.

Watu hao walikuwa na hofu nyingine mbali na ukavu. Mbawakawa wa tumbaku, Lasioderma serricorne, mdudu wa rangi ya hudhurungi mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3, hutaga mayai kwenye majani, na joto linapopanda mayai hayo huanguliwa, kisha mabuu hutoboa biri mpaka zigeuke vumbi. Sanduku la mbao, hata liwe zuri namna gani, halina uwezo wa kushusha joto. Hapo ndipo macho yalipogeukia jokofu la mvinyo.

Mashine hiyo ilikuwa na asili mbili. Kabati la mvinyo la nyumbani lilianzia Ufaransa, ambako kampuni ya EuroCave ilianza kazi mwaka 1976 ikiwalenga watu waliokosa vyumba vya chini ya ardhi. Njia ya kupoza iliyolifanya liwe dogo, kimya na la bei nafuu ni ya zamani zaidi: mwaka 1834 Mfaransa Jean Peltier aligundua kwamba umeme unapopita katika viungo vya metali mbili tofauti, kiungo kimoja hupoa na kingine hupata joto, na mwaka 1838 Heinrich Lenz aligandisha tone la maji kwa njia hiyo. Ugunduzi huo ulikaa zaidi ya miaka mia moja bila matumizi makubwa, kwa kuwa metali za kawaida hupitisha joto kwa urahisi mno na kulirudisha lilikotoka, mpaka katika miaka ya 1950, ambapo watafiti, akiwemo Abram Ioffe huko Leningrad na Julian Goldsmid huko Uingereza, walionyesha kwamba nusu-vipitishi, hasa mchanganyiko wa bismathi na teluri, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kibamba kimoja cha aina hiyo, chenye upana usiozidi sentimita chache, pamoja na feni mbili, kilitosha kulipoza kabati la chupa 28.

Ubadilishaji wenyewe huanza kwa usafi. Rafu za chuma hutolewa, harufu ya plastiki huondolewa kwa kuosha na kuacha mlango wazi kwa siku kadhaa, kisha droo za Cedrela huingizwa. Kazi ngumu ni ya kuzuia maji yasitoroke. Katika nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65, hewa huanza kuachia maji inapogusa kitu chenye ubaridi chini ya nyuzi 13 hivi, kiwango kiitwacho kiwango cha umande. Kibamba cha kupozea hushuka chini ya hapo kila kinapofanya kazi kwa nguvu, na matone hutiririka hadi kwenye tundu la nyuma na kupotea nje. Majokofu ya kompresa, ambayo hupoza kwa gesi inayobanwa na kuachiwa, yana sehemu baridi zaidi, na kwa hiyo hukausha zaidi. Ndiyo sababu mafundi wa nyumbani walichagua aina ya Peltier, wakaliziba tundu, na wengi wao walichomoa waya wa umeme kabisa katika miezi ya baridi, wakibaki na kabati lisilopitisha joto wala hewa.

Mantiki ya hatua hiyo huonekana katika hesabu ndogo ambayo haipewi uzito unaostahili. Hewa yote iliyomo katika kabati la lita 80, kwa hali iliyotajwa, haina hata gramu 1 ya maji, ilhali biri moja nene huweza kubeba zaidi ya hapo. Ghala halisi la unyevu, basi, ni tumbaku na mbao, na kabati lililojaa hutulia kuliko lililo nusu tupu. Vyanzo vya unyevu vilivyotumika vilibadilika pia: sponji zenye maji yaliyokenekwa na propilini glikoli zilifuatiwa na chembe za silika na pakiti za myeyusho wa chumvi uliokolea, zilizoanza kuuzwa kutoka Minnesota mwishoni mwa miaka ya 1990, ambazo hutoa mvuke kunapokauka na kuunyonya unapozidi. Hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivyo kinachopunguza madhara ya moshi kwa mwili. Vinachohifadhi ni jani tu.

Maelekezo hayo yote yaliandikwa na watu wanaoishi katika nyumba kavu, na hayawezi kunakiliwa yalivyo katika pwani ya Afrika Mashariki. Mbali na pwani, kama huko Dodoma, hewa mara nyingi ni kavu na kanuni za Kimarekani hufaa bila marekebisho makubwa. Jijini Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, siku ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, kila mita ya ujazo ya hewa ina takriban gramu 23 za maji, na ikipozwa hadi nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya 17. Ziada hugeuka matone, na baada ya matone hufuata kuvu. Huko tundu la nyuma linapaswa kuachwa wazi, mlango ufunguliwe mara chache, na kibamba cha Peltier, ambacho hulemewa chumba kinapokuwa na joto kali, kiachie nafasi jokofu la kompresa, ambalo ukaushaji wake, unaolaumiwa kwingineko, ndio unaohitajika hapo.