Joto la Kew: historia ya bustani inayofurika watu wakati wa baridi

Mchana wa Desemba mjini London ni mfupi. Jua huzama kabla ya saa kumi jioni, miti mingi imekwisha kupukutisha majani, na unyevu wa mto Thames unapenya makoti. Ungedhani huo ndio wakati wa kufunga bustani ya mimea na kuwapumzisha wafanyakazi. Lakini katika bustani ya Kew, kusini magharibi mwa jiji, hizo ndizo wiki za foleni ndefu langoni. Watu huja usiku kutazama taa za Krismasi, kisha Februari hurudi kutazama okidi. Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ilichukua zaidi ya karne moja na nusu, tani nyingi za makaa ya mawe na ugomvi wa kila namna.

Kew ilianza kama shamba la anasa la ukoo wa kifalme. Mwaka 1759 Augusta, mama yake Mfalme George wa Tatu, alitenga eneo dogo kwa ajili ya mimea ya kigeni, na mabaharia na wakusanyaji wa Uingereza wakaanza kulijaza. Mmoja wao, Francis Masson, alirudi kutoka Afrika Kusini mwaka 1775 akiwa na mmea wa aina ya sikadi kutoka Rasi ya Mashariki. Mmea huo upo hai hadi leo, na Kew huutaja kuwa mmea wa chungu mkongwe kuliko yote duniani. Mwaka 1840 bustani ilikabidhiwa kwa serikali, na mwaka uliofuata William Hooker akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Ndipo raia wa kawaida walipoanza kuingia kwa wingi.

Kiangazi hakikuwa na shida. Shida ilikuwa baridi, kwa kuwa hazina kubwa ya Kew ilikuwa mimea ya nchi za joto: michikichi, migomba, mibuni, mikakao. Mimea hiyo haistahimili hata usiku mmoja wa barafu. Jawabu lilikuwa Nyumba ya Michikichi, iliyojengwa kati ya 1844 na 1848 na msanifu Decimus Burton pamoja na Richard Turner, fundi chuma kutoka Dublin. Ina urefu wa mita 110 hivi, na mbavu zake za chuma zilikopwa kutoka ufundi wa kuunda meli, ndiyo maana ukiitazama kwa mbali unaona kama jahazi kubwa lililopinduliwa.

Uzuri wa juu ulitegemea kazi ngumu ya chini. Matanuri ya kuchemshia maji yalifichwa ardhini, na mabomba ya moto yakapitishwa chini ya sakafu ya vyuma vyenye matundu. Ili moshi usichafue mandhari, ulipelekwa kwa njia ya chini ya ardhi hadi kwenye mnara wa matofali uliojengwa mbali na hapo. Handaki hilohilo lilikuwa na reli ndogo ya kusukumia makaa. Mpango huo ulikuwa mzuri kwenye karatasi kuliko ulivyokuwa kazini: maji yaliingia katika vyumba vya matanuri, na moshi uligoma kusafiri umbali wote ule. Wachochea moto ndio walioubeba mzigo. Moto ukizimika usiku wa Januari, asubuhi kungekuwa na maiti za mimea iliyosafirishwa kwa miezi kadhaa baharini. Majina yao hayakuandikwa popote panapoonekana, ilhali bila wao Kew isingekuwa na la kuonyesha wakati wa baridi.

Hilo ndilo lililokuwa tamasha la kwanza la majira ya baridi pale, ingawa hakuna aliyeliita hivyo. Mtu aliingia kutoka kwenye ukungu, akafungua mlango wa kioo, akajikuta katika joto na unyevunyevu ambao sisi wa pwani tunaufahamu vizuri na Waingereza wengi wa wakati ule hawakuwahi kuuhisi.

Hata hivyo wakurugenzi hawakuufurahia umati. Joseph Hooker, aliyerithi kiti cha baba yake mwaka 1865, aliamini kwa dhati kwamba Kew ni mahali pa sayansi kwanza, na starehe ije baadaye. Asubuhi ilitengwa kwa wanabotania, wanafunzi na wachoraji. Umma uliingia kuanzia saa saba mchana. Piga hesabu ya Desemba: tangu lango kufunguliwa hadi giza kuingia, hazikutimia saa tatu. Katika miaka ya 1870 wakazi wa jirani walidai saa ziongezwe, na mvutano ukawa mkali. Namwelewa Hooker, kwa maana utafiti unahitaji utulivu. Lakini bustani iliyoendeshwa kwa fedha za umma haikuwa na haki ya kumfungia nje mtu aliyeilipia, na historia iliwapa wakazi hao ushindi.

Ugomvi mwingine ulizuka katika Februari ya baridi mwaka 1913. Wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura walikuwa wameanza kushambulia mali ili serikali iwasikilize. Usiku wa kuamkia tarehe 8 nyumba za okidi za Kew zilivamiwa, vioo vikavunjwa na mimea ikatupwa huku na huko. Katika baridi ile, kuvunja kioo kulitosha; hewa ya nje ilimalizia kazi. Siku 12 baadaye banda la chai lilichomwa moto hadi likateketea. Lilian Lenton na Olive Wharry walikamatwa usiku huo, wakafungwa, wakagoma kula. Lenton alilishwa kwa nguvu gerezani, akaugua vibaya mapafu, na kuachiliwa kwake kukawa habari kubwa nchini. Waliichagua Kew kwa sababu walijua thamani ambayo watawala waliipa. Okidi wakati huo ilikuwa alama ya utajiri, ua ambalo matajiri walilinunua kwa bei za kutisha na kulifuata hadi misitu ya mbali.

Miaka mitatu baadaye, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Kew ilianza kutoza kiingilio cha peni moja.

Mabadiliko yaliyoleta msimu tunaoujua leo yalianza mwaka 1987. Mwezi Julai Diana, Binti Mfalme wa Wales, alifungua nyumba mpya ya kioo iliyopewa jina kwa kumkumbuka Augusta, aliyekuwa na cheo hichohicho. Ndani yake kuna kanda kumi za hali ya hewa, kuanzia jangwa hadi msitu wa mvua, zote zikiongozwa kwa kompyuta. Sehemu yake kubwa imezama ardhini ili kuokoa nishati. Chini ya jengo hilo kuna sanduku la mbegu lililozikwa na mtangazaji David Attenborough mwaka 1985, litakalofunguliwa 2085.

Katika nyumba hiyo ya kioo ndimo tamasha la okidi lilimozaliwa, katikati ya miaka ya 1990, kwa ajili ya kuleta watu katika mwezi mkavu kuliko yote kwa mapato. Siku hizi hupangwa maelfu ya okidi kwenye matao, nguzo na hata juu ya maji. Nyingi ni za kibiashara, zilizooteshwa katika mashamba ya vioo. Lakini pembeni huwekwa zile za porini kutoka hifadhi ya Kew yenyewe, na mimi ningemshauri kila mgeni aanzie hapo. Katika miaka ya karibuni kila tamasha limekuwa na nchi yake: Thailand mwaka 2018, Kolombia 2019, Indonesia 2020, Kosta Rika 2022, Kameruni 2023, Madagaska 2024.

Zamu ya Madagaska ilistahili. Januari 1862, naam, majira ya baridi tena, Charles Darwin alipokea kasha la okidi kutoka kwa mkusanyaji James Bateman. Ndani yake kulikuwa na ua jeupe la Madagaska lenye umbo la nyota na mrija wa asali wa karibu sentimita 30. Darwin alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker wa Kew akishangaa ni mdudu gani awezaye kuufikia utamu ule, kisha akatabiri kwamba lazima kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Wengine walimcheka. Mwaka 1903, Darwin akiwa amefariki miaka 21 kabla, nondo huyo alitangazwa kisayansi. Ndugu yake wa karibu kabisa huruka katika misitu ya Kenya na Tanzania.

Si Madagaska pekee iliyo na hadithi katika vioo vile. Mwaka 1987 mwanabotania Mjerumani Eberhard Fischer alikuta yungiyungi dogo kuliko yote duniani kando ya chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, kusini magharibi mwa Rwanda. Maji yalipoelekezwa kwingine, makazi yale yalikauka, na kufikia 2008 ua halikuonekana tena mahali pale. Mbegu zilizohifadhiwa Ujerumani zilifika Kew, lakini miche ilikuwa ikifa. Carlos Magdalena, mtunza bustani mwenye asili ya Hispania, aligundua siri yake mwaka 2009: mayungiyungi mengine huota chini ya maji, hili linataka kukaa kwenye tope lenye joto, likigusa hewa. Lilichanua. Januari 2014 mtu alichomoa mche mmoja kwenye maonyesho ndani ya nyumba ya Binti Mfalme wa Wales na kutoweka nao. Wizi ule uliandikwa na magazeti ya dunia nzima, na watu wengi walisikia habari za Mashyuza kwa mara ya kwanza kupitia mwizi.

Taa za Krismasi ni jambo jipya zaidi. Zilianza mwaka 2013: njia ndefu kati ya miti iliyomulikwa, muziki, na Nyumba ya Michikichi ikipigwa miale ya rangi mbele ya bwawa. Watu walizipenda mno. Bustani nyingine zikafuata, ikiwemo ile ya Chicago kuanzia 2019. Zinaleta fedha, na fedha hizo zinasaidia sayansi, kwa hiyo sizilaumu. Ila mtu anaweza kuzizunguka zote asijue jina la mti hata mmoja, na hapo okidi za Februari zinazishinda kwa mbali. Jambo la kupongezwa zaidi ni kwamba tangu Januari 2022 wanaopokea ruzuku ya serikali kwa kipato kidogo wanaingia kwa pauni moja.

Kew ina deni na ushirika wa muda mrefu na Afrika Mashariki. Kazi ya kuorodhesha mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania ilichapishwa kitabu kwa kitabu kuanzia 1952 na kukamilika 2012, ikiwa na zaidi ya aina 12,000. Humo zimo okidi zetu: ile ya manjano yenye madoa kama ya chui, inayokaa juu ya miti ya pwani na kuporwa kwa ajili ya kuuzwa, na ile nyeupe yenye kunukia usiku, ambayo jina lake la kisayansi limetokana na Wagiriama.

Kwa maua hayo, tamasha la Februari linaweza kujazwa bila kuazima la mtu. Balozi zetu mjini London, pamoja na vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam na Makerere vyenye wanabotania wao, viiombe Kew zamu ya Afrika Mashariki. Nanyi wasomaji mnaoishi Uingereza, nendeni mwezi huo, mkasome vibao vya okidi za porini, na mkiona mmea wa kwenu umeandikwa nchi bila kutajwa msitu ulikotoka, waandikieni wahusika wautaje.