Visukuku vya Hadubini: Istilahi na Maana Yake

Ziwa Masoko, kusini-mashariki mwa Tukuyu wilayani Rungwe, limo ndani ya kasoko ya volkano. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka, kwa hiyo tope lake limetua tabaka juu ya tabaka kwa takriban miaka 50,000. Mwaka 2000 Philip Barker wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, na wenzake walichapisha historia ya miaka elfu nne ya ziwa hilo. Waliisoma kwenye diatomu, yaani miani ya seli moja yenye gamba la silika, wakaeleza jinsi majivu ya volkano na mabadiliko ya tabianchi yalivyoliathiri ziwa.

Masalia ya aina hiyo wataalamu huyaita mikrofosili. Kwa Kiswahili, neno kisukuku limeshazoeleka, hasa katika mafuta ya kisukuku. Kazi iliyobaki ni kutafsiri ile sehemu ya mwanzo, yaani mikro-, na hapo wengi hukimbilia kusema visukuku vidogo.

Tafsiri hiyo haitoshi. Jino la samaki mdogo ni dogo, lakini laonekana kwa macho. Chavua nazo ni mikrofosili, ingawa zimetoka kwenye miti mirefu ya msituni. Ushahidi mzito zaidi uko pwani yetu. Katika udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi, Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzake, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walichimba tabaka zenye foraminifera, viumbe wa baharini wa seli moja. Wengi wao hawafiki milimita moja, na magamba yao yamehifadhika vizuri ajabu, kiasi cha kuonyesha jinsi bahari ilivyobadilika dunia ilipopoa miaka milioni 34 hivi iliyopita. Lakini wamo pia wanumuliti, jamaa zao, ambao huweza kufikia sentimita kadhaa. Hao nao huhesabiwa kuwa mikrofosili, kwa sababu maumbile yao ya ndani hutambuliwa kwa kukata kipande chembamba cha jiwe na kukitazama kwa hadubini.

Basi kipimo ni chombo na njia ya uchunguzi. Mwanafunzi wa uzamivu anayekwenda ng'ambo kujifunza fani hii hulijua hilo kwa mikono yake. Akishika udongo wa baharini, huuloweka, huuosha juu ya chekeche lenye matundu ya mikroni 63, kisha huchambua gamba mojamoja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Akishika tope la ziwa, huliunguza kwa haidrojeni peroksaidi ili mabaki ya mimea yaondoke na diatomu zibaki. Njia ni mbili, na zote humfikisha kwenye hadubini.

Kwa hiyo napendekeza visukuku vya hadubini. Istilahi hii inabeba maana kamili na inazaa nyingine bila kulazimisha: visukuku vya hadubini vya baharini, vya ziwani, mtaalamu wa visukuku vya hadubini. Neno mikrofosili libaki kwa mazungumzo ya maabara. Tasnifu zinazohusu Rungwe na Kilwa zinastahili muhtasari wa Kiswahili, ili mwalimu wa sayansi wa Tukuyu afundishe historia ya Masoko kwa maneno ambayo wanafunzi wake wanayaelewa.