Barua Mbili za Hans Krebs

Kila aliyesoma biolojia ya sekondari amewahi kukariri mzunguko wa Krebs. Mimi niliukariri kama mtu anavyokariri namba ya simu: asidi hii inageuka ile, ile inageuka nyingine, mwisho unarudi pale pale ulipoanzia. Mtihani ukapita, asidi zikapotea kichwani. Jina tu ndilo lililobaki. Krebs alikuwa nani? Kitabu chetu hakikusema. Nilikuja kumkuta miaka mingi baadaye, nikisoma habari za wakimbizi wa Ujerumani wa miaka ya 1930, na tangu hapo siwezi kuutazama ule mchoro bila kuwaza barua mbili alizopokea.

Lakini hebu tuanze mbali kidogo. Majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, mjini Paris, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu. Walipima maji yaliyoyeyuka kwa joto la mnyama yule, wakalinganisha na hewa ukaa aliyoitoa, kisha wakafanya hesabu hiyo hiyo kwa makaa yanayowaka. Namba zilikaribiana. Wakasema: kupumua ni kuungua, ila kuungua polepole. Yaani ndani yetu mna moto.

Moto huo uko wapi? Lavoisier alidhani uko mapafuni. Hakuishi kuona jibu likisahihishwa. Mei 1794 alikatwa kichwa kwa gilotini, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wakusanya kodi wa mfalme. Karne iliyofuata ikaonyesha kwamba mapafu ni mlango tu. Kuungua kwenyewe hufanyika ndani ya kila seli: ya msuli, ya ini, ya ubongo.

Hapo ndipo fumbo lilipozidi. Mwaga sukari juu ya makaa uone: inalipuka moshi, inakuwa nyeusi, imekwisha. Seli inaichoma sukari hiyo hiyo katika nyuzi joto 37, ndani ya majimaji, na haiungui yenyewe. Inawezaje?

Hans Krebs alizaliwa 1900 huko Hildesheim, mtoto wa daktari, familia ya Kiyahudi. Alijifunza kazi ya maabara kwa Otto Warburg mjini Berlin, ambako watu walikata vipande vyembamba vya tishu na kupima, kwa chombo kiitwacho manometa, ni oksijeni kiasi gani vinatumia. Mwaka 1932, akiwa Freiburg, yeye na Kurt Henseleit walieleza jinsi ini linavyotengeneza urea: kwa mzunguko. Alikuwa na umri wa miaka 32 na jina lake lilianza kusikika.

Aprili 1933 ikaja barua ya kwanza. Sheria mpya ya Wanazi iliwaondoa Wayahudi kwenye utumishi wa umma, na chuo kikuu kikamsimamisha kazi. Mwezi huo huo, chuo hicho hicho kilimchagua mkuu mpya: Martin Heidegger, mwanafalsafa ambaye wapenzi wa fasihi tunamsoma hadi leo. Siku chache baadaye, Mei mosi, alijiunga na chama cha Hitler. Mimi jambo hili hunikaa kooni. Mlango mmoja, mmoja anaingia na mwingine anatolewa.

Krebs alienda Uingereza, kwa Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge, akiwa amebeba manometa zake. Mwaka 1935 akahamia Sheffield. Huko alirudi kwenye lile swali la moto, akitumia msuli wa kifua cha njiwa, ambao hupumua kwa kasi kubwa. Albert Szent-Györgyi, Mhungaria, alikwishaona kitu cha ajabu: ukiongeza asidi fulani chache kwenye msuli huo, hata kidogo tu, oksijeni inayotumika inapanda kupita kiasi ambacho asidi hizo zenyewe zingehitaji kuungua. Maana yake haziliwi. Zinafanya kazi, kisha zinarudi.

Krebs na mwanafunzi wake William Johnson walionyesha kwamba asidi ya sitriki, ile ile ya ndimu, inafanya vivyo hivyo, na kwamba msuli unaweza kuitengeneza upya kutokana na asidi iliyo mwisho wa msururu. Mwisho ukashikana na mwanzo. Kipande cha chakula kinaingia, kinashikwa na asidi inayokingoja, kinavunjwa hatua kwa hatua. Kaboni yake inatoka kama ile hewa ukaa unayoitoa puani sasa hivi, na asidi iliyokipokea inabaki, tayari kupokea kingine. Hidrojeni yake hupelekwa hadi kwa oksijeni na kuwa maji, na nishati ya safari hiyo ndiyo seli huihifadhi kama ATP. Ndiyo maana hatuungui: moto umegawanywa katika hatua ndogo ndogo.

Juni 1937 Krebs alituma taarifa fupi kwa jarida la Nature. Ikarudi barua ya pili: mhariri alikuwa na barua za kutosha kujaza nafasi kwa wiki saba au nane, basi ajaribu kwingine. Akajaribu kwingine, jarida la Enzymologia la Uholanzi, nalo likaichapa mwaka huo huo. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Fritz Lipmann, Myahudi mwingine aliyeikimbia Ujerumani.

Barua ya Nature aliitunza, akawa anawaonyesha vijana waliokatishwa tamaa. Waandishi mnaosoma hapa, ambao miswada yenu imerudi bila hata salamu, mnajua kwa nini. Ila tusizichanganye barua hizi mbili. Ya pili ilikuwa ya mtu mwenye meza iliyojaa. Inauma, halafu inacheka. Ya kwanza ilimwambia mtu kwamba kazi yake haina thamani kwa sababu ya wazazi wake.

Ningekuwa mwalimu wa biolojia, ningeuchora mzunguko ubaoni kama kawaida, asidi zote mahali pake. Halafu pembeni ningeandika 1933, ningoje mwanafunzi wa kwanza aulize ni mwaka wa nini.