Kiti cha Dereva

Watu wakikuta trekta la zamani huulizana habari za injini. Inawaka? Inakula mafuta kiasi gani? Haidroliki bado inanyanyua plau? Sijapata kumsikia mtu akianza kwa kuuliza habari za kiti. Vitabu vya historia navyo ni hivyo hivyo. Vinatupa mwaka mashine ilipoletwa na jina la aliyeileta, lakini yule aliyekaa juu yake kutoka alfajiri hadi jua la utosi havimtaji.

Kiti cha trekta hakikubuniwa na watengenezaji wa matrekta. Walikirithi. Katika karne ya 19 mashine za kukatia nyasi na ngano huko Ulaya na Marekani zilikokotwa na farasi, na mwendeshaji alikalia kiti cha chuma cha kusubu kilichofuata umbo la makalio, chenye matundu ili maji ya mvua yasituame. Baadhi ya wenye viwanda waliandika majina yao papo hapo kwenye kiti, kwa hiyo mkulima aliketi juu ya jina la kampuni. Injini ilipochukua nafasi ya farasi kiti kilibaki, ila sasa kilikuwa cha bati nene lililogongwa likawa kama karai, kikashikizwa kwenye chuma kimoja bapa cha springi. Ferguson TE20, lile trekta dogo la kijivu lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956, zaidi ya matrekta 500,000, lilikuwa na kiti cha namna hiyo. Harry Ferguson alitumia miaka mingi ya maisha yake kutafuta namna ya kufunga plau nyuma ya trekta kwa mikono mitatu ili viwili hivyo viwe kitu kimoja, na ufungaji huo unatumika ulimwenguni kote hadi leo. Plau likashikwa vizuri. Dereva akaachwa juu ya bati.

Nasema haya nikiwa Ntalikwa, Tabora, katika nchi ambayo ilijua vizuri maana ya kiti. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani na misafara alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu ratili 70, begani au kichwani, kwa miezi kadhaa. Kukaa kwake kulikuwa juu ya mzigo wenyewe, au chini. Kiti kilikuwa cha mtemi. Kipo kimoja kilichotoka Buruku, Unyanyembe, chenye egemeo refu lililochongwa umbo la mtu, ambacho kilichukuliwa katika enzi za Wajerumani na kiko Berlin mpaka sasa. Nimekiona kwa picha tu. Egemeo lake linapanda juu. Linganisha na kiti cha bati cha trekta, ambacho ukingo wake wa nyuma unafika kiunoni kwa shida.

Matrekta mengi yalikuja mkoani kwetu kwa mkupuo mmoja, kwa ajili ya karanga. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ikaidhinisha mradi wa kulima ekari zaidi ya milioni tatu za Tanganyika kwa muda wa miaka sita. Kazi ilianza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Urambo ilichaguliwa huku ikipitiwa tayari na reli ya kwenda Kigoma. Miombo ing'olewe, karanga zipandwe. Kwa kuwa matrekta mapya hayakupatikana ya kutosha, yalinunuliwa mabaki ya vita, na kiwanda cha Vickers kikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mtu anaweza kucheka, lakini fikiri juu ya aliyepewa kukiendesha kifaru hicho kati ya visiki. Mwezi Januari 1951 mradi ulifutwa, na hasara ya paundi zaidi ya milioni 36 ikaandikwa vitabuni. Ardhi ya Urambo iliyosafishwa ikaingia katika tumbaku, na tumbaku ipo mpaka leo.

Hesabu ya paundi inajulikana. Hesabu ya migongo haijulikani. Vijana wa makabila mengi walijifunza kuendesha mitambo katika mashamba yale, na wengi wao hawakuwa wamepata hata kupanda baiskeli. Ujuzi huo haukufutwa mwaka 1951. Wakatawanyika nao kwenda kwenye mashamba ya mkonge, barabara za Kazi za Umma, vyama vya ushirika. Serikali huru ilipoanzisha makazi ya mpango vijijini, yenye matrekta na mikopo mikubwa, madereva walikuwepo. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 1966 kwa sababu ya gharama. Mwaka uliofuata ikaja Elimu ya Kujitegemea, na shule na vyuo vikawa na mashamba. Chuo nilichopata kukiongoza kilikuwa na trekta moja, na dereva wake alikuwa akikunja gunia la katani mara nne na kulitandika kitini. Gunia lilimfaa makalio, lakini lilinyonya maji na kuziba matundu, na chini yake bati likaliwa na kutu. Kila dereva wa zamani anajua jambo hilo.

Jirani yangu, mzee kunipita kwa miaka michache, ana Massey Ferguson 35, aina iliyofuata baada ya lile la kijivu. Baba yake alikuwa dereva Urambo. Msimu uliopita chuma cha springi kilipata ufa karibu na bolti, na mjukuu wake akiwa analima kiti kikalala upande. Kijana alidaka madigadi. Kama asingedaka angeangukia mbele ya gurudumu la nyuma, na gurudumu hilo halina breki ya huruma. Hapo ndipo habari ya kiti ikawa habari ya nyumba nzima.

Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alituma kiti kipya chenye mto wa sponji na kiunzi cha springi. Tulipokipima kilimwinua dereva kiasi cha shubiri moja, na mguu wa kijana haukuweza kukanyaga klachi hadi mwisho. Kiti kizuri ambacho kinakunyima klachi ni hatari kuliko kibovu. Mzee yeye alitaka kile kile cha baba yake kichomelewe. Fundi wetu, Mzaramo aliyelowea Tabora na kwa hiyo mtani wetu, alikataa.

"Mzee, chuma cha springi ukikichoma kinapoteza ugumu wake pale pale ulipochoma. Kitakatika tena, na safari hiyo mjukuu hatadaka kitu."

"Baba yangu alikikalia miaka yote hiyo."

"Na wewe mtani unatembea umeshika kiuno. Au unadhani ni uzee?"

Tulicheka, ila lilikuwa neno la kweli. Madaktari wa wafanyakazi wamekubali kwa muda mrefu sasa kwamba mtikisiko wa mashine unaopanda kupitia kiti huumiza pingili za mgongo, na mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha mtikisiko anaoruhusiwa kuupata mfanyakazi kwa siku. Kwetu kikomo ni jua kuzama.

Fundi alichukua jani moja la springi ya Land Rover kuukuu, akalikata taratibu huku akilimwagia maji lisipate moto, na badala ya kulitoboa akalibana kwa yubolti mbili. Juu yake akafunga mto na egemeo la kile kiti kipya, bila kiunzi chake kirefu. Kimo kikarudi kama cha zamani. Mzee alikaa wa kwanza, akakanyaga klachi mara tatu, akaegemea nyuma polepole kama mtu asiyeamini kwamba kuna kitu.

"Mtani, sasa umekuwa mtemi," fundi akamwambia.

Kijana alilima siku nne mfululizo kabla mvua haijazidi. Wiki hiyo hiyo alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza, akakiona kile kiti cha bati kimeegemezwa ukutani, akataka kukipima. Mzee alimpa rimu mbili na plau lililovunjika. Kiti alikiingiza stoo mwenyewe, akakitundika juu ya majembe.